Mababu Saba Ndani ya Sava

Jumatatu, 10 Mei 1999

Umeme umerudi saa tatu. Nimemwagia sakafu maji, nimepangusa vumbi kwenye kioo cha mashine namba moja, kompyuta yangu, nimekaa. Ukurasa umegoma tena. Badala ya kufanya kazi yake unanionyesha skripti yenyewe, mistari yote na mabano yake. Ni kama kuagiza chapati ukaletewa unga. Siku ya nne hii.

Bwana Njagi, mkuu wa ofisi, kachungulia mlangoni kuuliza kama "ile kitu" imeanza. Nimemwambia kesho. Alhamisi pia nilimwambia kesho.

Hakuna aliyenituma kazi hii. Nilijitakia. Diski ilikuja bure na gazeti la kompyuta nililonunua Nairobi, ndani yake mna programu ya sava na lugha ya skripti, na maelekezo yaliyoandikwa na mtu asiyejua kuwa kuna watu wasiojua. Mashine yangu ndiyo itakuwa sava. Mbili zilizobaki, ya Tabitha na ya Bwana Njagi, zitafungua kurasa kupitia kebo niliyoipitisha dirishani kwa mikono yangu. Intaneti hakuna. Hata simu ya Nairobi hapa ni ya kubahatisha.

Ninachotaka ni kidogo. Mtu atoke kambini Dadaab, aingie ofisi hii ya shirika letu, ataje ndugu aliyepotezana naye vitani, ajibiwe kabla chai haijapoa. Sasa tunapekua kadi za usajili masandukuni. Wiki jana mama mmoja amengoja siku mbili akaondoka mikono mitupu. Kadi ya mwanawe nimeiona leo, sanduku la pili. Tulikuwa tumepekua la tatu.

Jumatano, 12 Mei

Imekubali.

Ilikuwa mstari mmoja. Kwenye faili la mipangilio kuna mstari unaoiambia sava: faili zenye mkia huu usizitoe mbichi, zipeleke kwanza kwa skripti. Mbele ya mstari kulikuwa na alama ya reli, hii #, na sava ikiona alama hiyo hupita bila kusoma. Siku sita nimeutazama mstari ule. Nimefuta alama, nimeiwasha sava upya. Kwenye brauza yametokea maneno niliyoyaandika mimi, "Karibu Garissa", na saa chini yake, saa ya kweli inayokwenda.

Nimepiga ukelele. Tabitha kaja mbio akidhani ni nyoka. Kaona nacheka peke yangu, kacheka na yeye, bila kujua anacheka nini.

Tabitha ni karani wetu wa kuchapa. Mwaka wa nne sasa tunaishi nyumba moja, vyumba viwili, jiko moja. Yeye wa Kitale, mimi wa Hola. Yeye kanisani, mimi msikitini, na Ramadhani hajawahi kula mbele yangu hata siku moja. Nilimwambia ale, mimi si mtoto. Akasema chakula cha peke yake hakimshuki.

Leo amepika wali wa nazi kusherehekea alama ya reli.

Jumamosi, 15 Mei

Nimeonyesha kazi yangu, nimeaibishwa.

Abdirahman, mkalimani wetu, mtu wa hapa hapa mjini, mtaa wa Galbet, kavuta kiti. Nikamwambia ataje jina lolote. Kataja Mohamed Ali Hassan. Mashine ikajaza ukurasa mzima, na mwingine, na mwingine. Abdi kacheka mpaka kashika meza.

"Abaayo, hii kombyuta yako haijui Wasomali. Wewe nauliza jina. Jina ni la kila mtu. Uliza baba ya baba ya baba, mbaka saba, hapo utabata mtu mmoja."

Ananiita abaayo, dada, tangu siku ya kwanza. Ofisi nzima ananiita hivyo mimi tu.

Kanionyesha nyuma ya kadi. Miaka yote nilidhani ni mikwaruzo ya makarani. Kumbe ni mababu. Watu walipofika kambini waliombwa majina matatu, wao wakataja kumi, na karani mwenye huruma akayaandika nyuma. Hata mtoto wa miaka sita anayataja. Abdi anasema mtu mwenye njaa atadanganya umri, atadanganya alikozaliwa, atadanganya hata idadi ya watoto. Babu hamdanganyi. Akidanganya babu amejipoteza mwenyewe.

Sitalala na wazo hili. Nikiingiza mababu saba, ndugu wawili wataonana ndani ya mashine hata kama mmoja yuko kambi ya Ifo na mwingine yuko mji wa Elwak.

Alhamisi, 20 Mei

Kuchapa, kuchapa. Masanduku manne. Vidole vinauma. Tabitha ananisaidia kila amalizapo barua za Bwana Njagi, na anachapa haraka kuliko mimi, mshenzi. Abdi anatusomea mababu, macho kayafumba nusu, kama anasoma Kurani.

Watu wa Galbet nao wameanza kuja. Abdi amewaambia. Hawa ni Wakenya, wana vitambulisho, ila wana shangazi na binamu waliokuwa Somalia vita vilipoanza na hawajui wako wapi. Nao wanataja mababu, nami nawaingiza. Wenyeji na wakimbizi, faili moja. Ndiyo njia pekee ya kuwakutanisha.

Mzee mmoja kaniuliza maneno haya yanakwenda wapi. Nimemjibu hayaendi popote. Sava ni ya hapa, kebo inaishia ukutani.

Jumatatu, 31 Mei

Leo mama mmoja aliyetoka Lafey. Anamtafuta kaka yake tangu 1991. Abdi kauliza, mama kataja, nimechapa, nimebonyeza. Jina moja tu. Kambi ya Hagadera, sehemu ya C.

Mama hakulia. Kaomba aoneshwe kioo, kaweka kidole juu ya herufi asizozijua, kakiacha hapo. Mimi ndiye niliyelia, chooni, mlango nimefunga.

Bwana Njagi kasema Nairobi watapenda. Sijali Nairobi. Nimejivuna leo, naandika hivyo, nimejivuna.

Jumanne, 1 Juni

Siku mbaya, ingawa hakuna kilichovunjika.

Tulikuwa na furaha ya jana. Abdi kasema ajitafute mwenyewe, aone kama mashine inamjua. Kataja kwa sauti ya harusi: Noor, Hirsi, Gedi, Warfa, Guled, Samatar, Egal. Nimechapa huku nacheka.

Likatoka jina. Sahra Abdirahman Noor, kuzaliwa Afmadow, Somalia, kufika kambini 1992 akiwa na miaka 11. Mababu ni wale wale, neno kwa neno.

Sahra ni binti yake. Namfahamu. Alizaliwa Galbet, amesoma hapa, mwaka jana kamaliza kidato cha nne, chuo cha ualimu kimemwita. Anaripoti tarehe kumi na tisa Julai.

Abdi kaacha kucheka. Tabitha naye kaacha kuchapa, kisha kaendelea. Abdi kaniomba nitoke naye nje.

Nje kaniambia. Mwaka ule ukame ulimaliza ng'ombe wote. Yeye hakuwa na kazi. Mkewe, Fatuma, kamchukua mtoto akaenda kambini, kasema wametoka Afmadow, wakaandikishwa, wakala chakula cha wakimbizi miezi sita. Mvua iliponyesha wakarudi nyumbani. Wengi walifanya hivyo, kila mtu anajua, hakuna asemaye. Ila binti yake ameomba kitambulisho wiki hii. Bila kitambulisho hakuna chuo. Wakubwa wakiona jina hili watasema ni mkimbizi.

"Toa hiyo kadi, abaayo. Moja tu."

Nimekataa.

Naandika sababu zangu nizione. Kadi si zangu. Nikimfutia rafiki nitamfutia kila mtu. Namba za kadi zitaruka. Na zaidi ya yote, hakuna haja. Faili haitoki humu. Nimemwapia hivyo. Wallahi haitoki, nimesema.

Kanitazama kidogo. Kasema haye, sawa, kama wewe nasema. Tukarudi ndani.

Nimejiona mtu mwadilifu leo.

Ijumaa, 11 Juni

Joto la kuchoma sandali. Abdi msikitini, mimi nimekuja nyumbani kuswali na sikurudi mpaka saa tisa. Bwana Njagi yuko Ifo na gari tangu jana. Tabitha kabaki kulinda ofisi. Jioni kanipikia samaki wa mtoni, na kaosha vyombo vyote, zamu yangu.

Jumamosi, 12 Juni

Utepe wa printa umeisha wino. Niliubadilisha wiki iliyopita. Labda ulikuwa mbovu.

Jumatatu, 28 Juni

Abdi kaingia bila salamu. Miaka minne hajawahi kuingia bila salamu.

Sahra kanyimwa kitambulisho. Kaitwa mbele ya meza, afisa wa vitambulisho kafungua karatasi, kamsomea: Afmadow, 1992. Binti kasema amezaliwa Galbet. Afisa kamsomea mababu zake mmoja mmoja, kamuuliza kama ni wake au si wake. Sahra kasema ni wake. Angesema nini? Angewakana?

Si yeye peke yake. Watu kadhaa wa Galbet wameitwa, wote waliokuja hapa kutaja mababu zao. Karatasi ni ile ile; aliyemo humo wanamhesabu mkimbizi.

Abdi hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Kanikumbusha kiapo changu kwa maneno mawili, kwa sauti ya kawaida.

"Uliaba, Madam."

Madam. Kachukua kofia yake msumarini, kaondoka.

Jumanne, 29 Juni

Njagi. Nani mwingine? Mashine yake iko kwenye kebo. Anawajua wakubwa wote wa mji, anakunywa nao chai. Usiku kucha nimemtukana kimoyomoyo, asubuhi nikamwendea ofisini na kumwambia usoni. Nimesema ametuuza.

Kaniacha nimalize. Kasema hajui kufungua hata ukurasa wangu bila mimi kumshikia mkono, na hilo ni kweli, nimeshamshikia mkono mara nyingi. Kisha kasema kwamba mambo ya vitambulisho ni ya serikali, tusiyaingilie. Na kwamba ameandika barua Nairobi, mtambo wangu uwekwe katika ofisi zote za shirika.

Nimetoka. Sikumwamini hata kidogo.

Tabitha kanipa maji ya kunywa. Kaniambia nisijichoshe, majina ni majina tu.

Jumatano, 30 Juni

Nimejua.

Nilikuwa nimesahau kwamba sava huandika shajara yake. Kila inachoombwa inakiandika: siku, saa, dakika, mashine iliyoomba, faili lililotolewa. Sijaifungua tangu siku za mstari wenye alama ya reli. Leo asubuhi nimeifungua nione Njagi aliingia lini.

Njagi hayumo. Mashine yake, namba tatu, haijaomba kitu wiki nzima lilipochukuliwa faili.

Ijumaa, 11 Juni, saa sita na dakika arobaini na saba. Mashine namba mbili. Imeomba folda ya data, yenyewe, bila jina la faili. Na kosa hapa ni langu: faili la majina nililiweka ndani ya folda ya kurasa, kwa sababu mfano wa kwenye diski ulifanya hivyo, na folda haikuwa na ukurasa wa mbele. Ukiiomba folda ya namna hiyo, sava inakupa orodha ya vyote vilivyomo. Mlango nimeuacha wazi, tena nikaandika juu yake kilicho ndani. Dakika moja baadaye mashine namba mbili imelichukua faili lote.

Namba mbili ni ya Tabitha.

Nimesoma mstari ule mara kumi. Nimetafuta makosa. Labda saa ya mashine haikuwa sawa. Ilikuwa sawa. Labda mtu alikaa kitini kwake. Nani? Abdi alikuwa msikitini. Mimi nilikuwa nyumbani naswali. Njagi alikuwa Ifo.

Utepe mpya uliokauka kwa wiki moja. Samaki. Vyombo vilivyooshwa nje ya zamu.

Nimekilaza kichwa mezani. Nyuma yangu yeye alikuwa anachapa barua, taratibu, bila kukosea.

Alhamisi, 1 Julai

Nimemngojea jikoni alasiri. Alikuwa anachambua mchele. Nimemwambia saa na dakika.

Hakukana. Hilo sikulitarajia, nilikuwa nimejiandaa kwa uongo. Kaendelea kuchambua, katoa jiwe, katoa lingine.

Afisa mmoja wa vitambulisho, hakumtaja jina, alikuwa akija ofisini kuchapishiwa barua. Aliona watu wa Galbet wamepanga foleni mlangoni, akauliza tunafanya nini. Tabitha akamweleza kwa kunionea fahari, ndivyo alivyosema, kwa kuwa nimefanya jambo kubwa. Afisa akasema orodha ya namna hiyo itamsaidia sana. Akasema pia kuna nafasi ya karani Kitale.

Tabitha ana mtoto Kitale. Faith, miaka sita, yuko kwa nyanya yake. Picha yake imo ukutani kwake, nimeisalimu kila asubuhi miaka minne.

"Krismasi iliyopita aliniita anti," kasema. "Mwanaidi, mwanangu mwenyewe. Aliita mama yangu mama, mimi akaniita anti."

Nimemuuliza swali moja. Kama alijua Sahra yumo.

Kasema ndiyo. Alisikia siku ile Abdi alipojitafuta.

Basi. Alijua. Si majina ni majina tu. Alikuwa anajua binti yule aliyekuja nyumbani kwetu Idi na halua ya mama yake, aliyekaa kwenye mkeka huu huu, yumo katika karatasi hizo, na akabonyeza.

Nilitaka kumpiga. Naandika wazi. Nilitaka kuumwaga mchele wote chini. Nimeingia chumbani, nimefunga mlango kwa komeo, mara ya kwanza tangu tuhamie hapa. Watu husema kikulacho ki nguoni mwako. Nilidhani ni maneno ya wazee tu wenye shuku.

Namhurumia mtoto wake. Yeye simhurumii.

Jumatatu, 5 Julai

Nimeenda kwa afisa wa vitambulisho. Nimevaa buibui jipya, nimejifunza uongo njiani.

Ni mtu mpole. Kanipa kiti. Nimemwambia mimi ndiye niliyechapa orodha ile, na kwenye jina la Sahra kuna kosa langu la uchapaji. Nimesema nilichanganya kadi mbili. Nimesema uchovu, joto, umeme kukatika katikati. Nilisema vizuri sana.

Kasikiliza mpaka mwisho. Kafungua karatasi, zile za printa yetu, na matundu yake pembeni, na ukurasa wa mwisho wino umefifia. Kaweka kidole kwenye mstari.

"Kosa la jina, sawa," kasema. Kasoma polepole. Noor. Hirsi. Gedi. Warfa. Guled. Samatar. Egal. "Na hawa wote saba nao uliwakosea? Kwa mpangilio?"

Kile kile kilichomkutanisha mama wa Lafey na kaka yake ndicho kilichonifunga mdomo. Fatuma alidanganya alikotoka, mtoto wake ale. Mababu hakuweza kuwadanganya. Angedanganya hao pia, leo binti yake angekuwa anafunga sanduku la chuo.

Afisa kasema mama wa binti mwenyewe ndiye aliyesema Afmadow, wao wamesoma tu. Kasema wanaweza kukata rufaa, itachukua muda. Miezi? Labda zaidi.

Kisha kanishukuru. Kasema hajawahi kuona orodha safi kama ile, kila mtu na mahali pake. Aliisema kwa moyo mweupe. Nimetoka nikaegemea ukuta wa nje, mpaka askari wa lango kaniuliza kama ninaumwa.

Jumanne, 6 Julai

Nimelitoa faili kwenye folda ya kurasa. Nimeweka ukurasa wa mbele. Nimeweka neno la siri. Kazi ya nusu saa. Nusu saa.

Jumamosi, 10 Julai

Tabitha kaondoka. Siku tisa tumeishi bila kusema, tukipishana jikoni kama wapangaji wasiojuana. Leo asubuhi nimemsikia akiburuta sanduku. Kasimama nje ya mlango wangu.

"Mwanaidi. Nimekuachia sufuria kubwa."

Kangoja. Nilikuwa nimekaa kitandani, nguo nimeshavaa, macho nimeyakaza mlangoni. Kasema kwaheri. Sikujibu.

Ukutani kwake pamebaki alama nne za gundi.

Ninamchukia, na chakula hakinishuki.

Jumatano, 14 Julai

Nimeenda Galbet. Fatuma kanikaribisha, kanipa chai ya maziwa, kaniuliza habari za Hola, za mama yangu, za mafuriko. Adabu yote. Viatu vya Abdi vilikuwa mlangoni. Vile vya ngozi, vya kisigino kilicholika upande mmoja. Nimekaa saa nzima, na chumba cha pili hakikukohoa.

Nilikuja kuomba radhi. Nimeiomba kwa pazia. Fatuma kainamisha kichwa, kanimiminia chai nyingine. Akasema kosa ni lake, yeye ndiye aliyemtaja mtoto mbele ya karani. Nimemwambia si lake. Kasema, "Mtoto alikuwa na njaa, nifanye nini?"

Jumatatu, 19 Julai

Leo ndiyo siku ya kuripoti chuoni.

Nimefuta kadi ya Sahra. Mashine imeniuliza kama nina hakika.

Bwana Njagi kapata jibu la Nairobi. Wanataka niende ofisi nyingine kuwawekea sava kama hii. Nimemwambia nataka likizo kwanza. Kaniuliza ya nini, wakati mambo yananiendea vizuri hivi. Si mtu mbaya. Ni mtu asiyetaka kujua.

Mkalimani mpya amekuja, kijana wa Nairobi, Kisomali chake cha shule. Anawauliza watu majina mawili.

Jumatano, 21 Julai

Sahra kaja ofisini. Peke yake, bahasha ya kaki mkononi. Nilidhani amekuja kunilaani, nikasimama.

Kaketi pale alipokuwa akiketi baba yake. Kasema ameandika kwa mkuu wa chuo amwekee nafasi mwaka mmoja, hakuna jibu.

"Barua haisikizwi, anti. Mtu anasikizwa. Na mimi siwezi kufuka daraja."

Hilo nalijua. Daraja la Tana ndipo kila basi linaposimamishwa, watu wanashushwa, askari anakusanya vitambulisho. Asiye nacho anarudi mjini, au analala kituoni.

Kaweka bahasha mbele yangu. Cheti cha kidato cha nne, barua ya kuitwa chuoni, barua ya mwalimu mkuu wake. Hakuniomba. Kaiweka tu, kaikalisha sawa na ukingo wa meza.

Nimemuuliza baba yake anajua?

"Anajua. Hakusema kitu."

Jumamosi, 24 Julai

Naenda chuoni na bahasha ya Sahra; basi la saa kumi na mbili u nusu nitalipandia ng'ambo ya daraja. Sahra amenisindikiza kwa miguu mpaka darajani. Amenibebea mkoba njia yote na hatukuongea mengi. Kaniambia anafundisha watoto wadogo kusoma, barazani kwao, bila chaki, kwa makaa. Ishirini na watatu. Kasema mmoja ni mtundu sana lakini ana akili.

Hatua chache kabla ya kizuizi kasimama. Kanipa mkoba. Kaniambia mkuu wa chuo ni mwanamke, nimsalimu kwa heshima.

Abiria wa basi wameshushwa. Wasomali wamepangwa upande mmoja, wazee, kina mama na watoto, wameshika kadi zao mkononi kabla ya kuulizwa. Mzee mmoja wa mbele yangu askari kamuuliza jina lake, kisha la baba yake, kisha la babu yake, huku akitazama kadi. Mzee kajibu yote.

Zamu yangu nimetoa kitambulisho. Askari hakukisoma. Kanitazama uso, katazama bahasha kifuani mwangu, ambapo Sahra ameandika majina yake yote matatu kwa wino mweusi, herufi kubwa.

"Pita, mama."

Nimepita. Maji yamepungua, mchanga unaonekana katikati ya mto. Nilipofika upande wa pili nimegeuka. Alikuwa bado amesimama, mkono juu ya macho kukinga jua.